Tumbo Halipokei Amri

Wajukuu wangu, na ninyi wengine mnaopita mbele ya nyumba yangu na pikipiki, biskuti mkono mmoja na soda mkono wa pili: nilikuwa mpishi maisha yangu yote, na tumbo la mtu mmoja nusura linipeleke kaburini. Halikuwa tumbo langu. Langu, namshukuru Mwenyezi Mungu, limenitumikia vizuri mpaka uzee huu, na kila asubuhi linaniita kwa wakati wake bila kugombana nami. Lilikuwa tumbo la komanda wa waasi aliyekaa hapa Beni, na lilikuwa limefunga kama duka la mtu aliyehama. Komanda akasema likiendelea kufunga mpaka Ijumaa, mimi ndiye nitakayefukiwa.

Habari hiyo nitaifikia. Nivumilieni kidogo, maana bila kujua nilivyofundishwa kazi, hamtajua nilivyopona.

Nilifundishwa na shangazi yangu Mwajuma, dada ya baba. Alikuwa na nyumba ya chakula pale ambapo malori ya wafanyabiashara wetu Waislamu yalisimama kabla ya kupanda kwenda Butembo. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni, ambako mwalimu alitufundisha Kurani na kutuonya tugawe tumbo mafungu matatu: moja la chakula, moja la maji, moja la pumzi. Nikamweleza shangazi maneno hayo kwa fahari. Akanipa kisu na gunia la muhogo.

"Mwalimu amekufundisha kugawa," akasema. "Mizuri. Sasa menya, tupate kitu ya kugawa."

Shangazi alimtazama mteja kabla ya kumpakulia. Madereva aliwajua kwa mwendo wao. Akishuka mmoja aliyekaa kwenye usukani tangu alfajiri, akajibana njia nzima kwa sababu ya haraka, shangazi alininong'oneza: "Angalia huyu, anatembea kama amebeba yai. Mupe papai kwanza, na maji. Nyama itamungojea." Dereva akilalamika, alimjibu: "Papa, lori yako inabeba mizigo juu ya mizigo? Si unashusha kwanza?" Watu wote walicheka, na dereva alikula papai lake.

Kwa hiyo ninyi vijana mnaojibana kwa sababu abiria yupo, au kwa sababu choo cha pale si kizuri, sikieni. Tumbo likikuita mara ya kwanza, linakuita kwa heshima. Ukilinyamazia, linakasirika, na likikuita tena litakuita mbele ya watu, au halitakuita kabisa.

Makosa yangu pia yalinifundisha. Safari moja nilipelekwa na lori mpaka Alimbongo, niwapikie wapakiaji. Kule juu kuna baridi. Maji yanachemka kwa kelele nyingi lakini maharagi hayasikii. Mimi, mtu wa joto la Beni, niliyapikia moto wa Beni, wala sikuwa nimeyaloweka. Niliweka mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, na vitunguu, yakanukia vizuri, wakayala mpaka wakapangusa sufuria. Tukaanza kurudi. Kutoka Alimbongo mpaka Butembo dereva alisimamisha lori karibu kila kona. Wanaume waliruka kabla magurudumu hayajatulia, wakatawanyika kwenye mikaratusi kama watu waliomwona chui. Mmoja wao, mtu mzito mwenye ndevu, alikataa kupanda tena. Alisema atatembea tu kwa miguu, awe karibu na majani.

Shangazi hakunipiga. Aliniuliza: "Haragi inatoka safari ndefu, imekauka. Mutu akitoka safari unamupa nini kwanza?"

"Maji, shangazi."

"Donc, basi?"

Tangu hapo maharagi yangu yalilala ndani ya maji, asubuhi nikayamwaga maji hayo, nikachemsha mengine, na sikuyaepua mpaka haragi likubali kupondeka kati ya vidole viwili bila kushindana. Fanyeni hivyo, na majirani zenu watawapenda.

Kisha uhuru ukafika, na serikali ikatuletea ajenti kutoka jimbo lingine, Mkristo mpole mwenye mshahara na tai. Alipewa nyumba kubwa aliyoiacha Mzungu, yenye baraza na kiti cha kuegemea ambacho mtu akikaa ndani yake anasahau kwamba ana miguu. Siku ya kwanza alipokuja kwetu aliona sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwenye chungu, akatikisa kichwa.

"Mama, uhuru imefika. Miye sasa ninakula kama chef."

Akala kama chef, yaani kama mkubwa: mkate mweupe, sardini, jibini, mayai, na kahawa nyingi mahali pa maji. Kwenda ofisini alikwenda na gari, ingawa ofisi aliiona kutoka barazani. Haikupita muda akaanza kuja kwetu kwa mlango wa nyuma.

"Mama Mwajuma, ile sombe iko?"

"Iko, lakini si ya chef."

"Mama, hapana nicheka. Uhuru imenifunga."

Shangazi alimpa sombe na bugali, akampa maji ya uvuguvugu, akamwambia sahani ya pili ataipata akija kwa miguu. Jumapili iliyofuata tulisikia sauti yake kutoka kanisani kwao, akiimba kuliko watu wote. Shangazi alisema ule ni wimbo wa mtu aliyepona.

Waasi walipokaribia, ajenti alikimbia na familia yake, Mungu akamfikisha salama. Kiti kilibaki.

Mabaya yote ya siku zile sitawaeleza hapa. Watu wetu walikufa, Wakristo na Waislamu, na juu ya makaburi yao sicheki. Nacheka juu ya jambo hili moja, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa ndani yake.

Komanda aliyechukua ile nyumba tulimwita Sasa Hivi, kwa sababu kila alichotaka alikitaka sasa hivi. Gari lije sasa hivi. Mbuzi achinjwe sasa hivi. Alitafuta mtu anayejua kuchinja na kupika, watu wakanionyesha kwa kidole, na sasa hivi nikawa mpishi wake. Gari lake liliishiwa na mafuta, kwa hiyo alikaa kwenye kile kiti kutwa nzima akitoa amri, akila nyama ya mbuzi na ndizi za kuchoma, na kunywa bia zilizoachwa na Wazungu. Maji alisema ni ya kunawa.

Nilimpikia sombe. Akaisukuma.

Mnajua kwamba waasi wale walikuwa na munganga wao, mzee aliyewanyunyizia dawa ili risasi zisiwapate. Dawa ile ilikuwa na miiko. Wa kwanza ulisema hivi: mpiganaji hali kitu kilichotwangwa, kwa maana akila kilichotwangwa, naye vitani atatwangwa. Basi fikirini, watu wa Beni na Butembo! Sombe tunatwanga. Muhogo wa bugali tunatwanga. Ukituondolea kinu, umetuondolea jikoni. Mwiko wa pili ulisema mpiganaji asichuchumae juu ya shimo, maana shimo ni ndugu ya kaburi. Na choo chetu, kama mjuavyo, ni shimo. Vijana wake walienda porini wakamaliza shida yao. Lakini Sasa Hivi alikuwa mkubwa. Aliona aibu kuonekana akiinama kwenye majani. Akajibana.

Tumbo likafunga. Mwanzoni alinyamaza. Kisha akaanza kutukana watu asubuhi. Kisha akaacha kukaa vizuri kwenye kiti, akakaa upande, kama jongoo aliyeguswa. Mwanzoni mwa wiki aliniita mbele ya vijana wake wenye bunduki.

"Weye mupishi. Uliniwekea nini mu chakula?"

"Chumvi tu, Komanda."

"Chumvi haifungake mutu. Kila mutu hapa anaenda, miye hapana. Umenifunga na uchawi ya kwenu. Ijumaa ikifika na tumbo yangu bado, nitakutuma kule kwa bababu uwaulize juu ya nini imefunga."

Nilijua nini kimemfunga. Angekuwa dereva wa lori, shangazi angalimtambua kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini mtu mwenye bunduki hapendi kuambiwa kwamba amefungwa na kiti chake.

Shangazi aliniletea ndimu kwenye mlango wa jikoni, akanikuta nimekaa chini.

"Weye, mutoto ya kaka yangu, unataka kufa juu ya choo ya mutu mwingine? Batatuuliza amekufa na nini, tutajibu nini?"

"Muganga wa dispensari angempa mafuta ya mbarika," nikasema, "lakini amekimbilia porini na kabati lake."

"Basi mupige bomba."

Bomba, kwa ninyi msiolelewa na bibi, ni kile kimpira cha kusukumia maji ya dawa kwa mlango wa nyuma. Kwetu hakuna mtoto aliyekua bila kukimbizwa nacho. Nilijipa moyo nikaenda kumweleza munganga shauri hilo. Mzee yule aliruka.

"Hapana! Mupiganaji hapana shambuliwa kwa nyuma!"

Nilirudi jikoni. Baadaye kidogo niliona kivuli mlangoni: ni yeye, amenifuata, akitazama huku na huku. Akakaa juu ya gogo la kuni. Ndipo nikaona kwamba hofu yake haikuwa ndogo kuliko yangu.

"Mupishi," akasema polepole, "wakikuua Ijumaa, na Jumamosi tumbo bado imefunga, watauliza nani?"

"Watauliza dawa."

"Njo vile." Akajipangusa uso. "Miye niko na wajukuu."

Basi tulikaa pale, Mwislamu wa chuoni na mganga wa vita, tukatafuta chakula ambacho hakijagusa kinu. Nilitaja kimoja kimoja, naye akapima.

"Maharagi?"

"Munatwanga?"

"Hapana. Tunaloweka na kuchemsha."

"Maharagi inapita."

"Papai?"

"Papai haina vita na mutu."

"Lengalenga?" Hiyo ndiyo mboga yetu ya majani laini.

"Majani?" Akakunja uso. "Si ile munaponda?"

"Ile ni sombe. Lengalenga tunakata na kisu."

"Kisu!" Uso ukamfunguka. "Kisu ni ya vita. Tena kata sana."

"Na maji, mzee. Hanywi maji."

Alinitazama kama nimemtukana. "Komanda hanywake maji? Lakini dawa yetu yote ni maji!"

Nilimwambia bado kuna jambo la shimo. Mtu anaweza kula bustani nzima. Asipokaa mahali pa kukaa, kwa utulivu, mzigo hautoki. Munganga alifikiri sana. Tulikwenda pamoja tukakitazama choo, nyuma ya nyumba, chenye mbao na paa la majani. Akakizunguka. Akachungulia, akarudi haraka.

"Shimo ni shimo," akasema. Kisha akasimama wima. "Lakini musoda anaingiaka mu tranchée, na haogope. Hii ni tranchée."

Yaani handaki la askari. Akakinyunyizia dawa. Nami nikakifagia, nikamwaga majivu, nikaweka ndoo ya maji na kopo, kwa kuwa vita au si vita, usafi ni sehemu ya imani.

Asubuhi yake munganga alimtangazia Komanda kwamba mababu wamebadilisha masharti. Akiamka, anywe maji ya uvuguvugu kabla hajatoa amri yoyote. Aende mtoni kwa miguu na kurudi kwa miguu. Ale papai, kisha maharagi na lengalenga, atafune kila tonge mpaka liwe laini, bila kusema na mtu. Baada ya kula aingie kwenye tranchée, akae, angojee. Na humo ndani ni marufuku kusema "sasa hivi". Hilo la mwisho niliongeza mimi.

Komanda alisikiliza akiwa amekaa upande. "Na mupishi?"

"Mupishi anangojea Ijumaa, kama ulisema," akajibu munganga, bila kunitazama. Nilimsamehe. Ana wajukuu.

Mapapai mazuri yalitoka upande wa Mabalako, na njia ilikuwa na hatari, lakini shangazi alijuana na wanawake wa soko waliopita kwenye mashamba. Yakafika yamefichwa chini ya kuni. Siku ya kwanza Komanda alitembea mtoni akilaani kila jiwe. Aliingia kwenye choo, akatoka.

"Hakuna."

"Polepole, Komanda. Tumbo ni kama mbuzi. Ukilivuta kamba linarudi nyuma."

"Miye nilikamata muji huu kwa asubuhi moja!"

"Mji uliogopa, Komanda. Tumbo haliogopi."

Alinitazama, nami nikatamani kuyameza maneno yangu bila kuyatafuna. Lakini hakunipiga. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kukutana na askari asiyemwogopa.

Siku ya pili alidhani atawahi akizidisha. Alikula sufuria nzima ya lengalenga iliyokuwa ya kundi zima, haraka, kama mtu anayepakia lori usiku. Mchana akawa amejaa hewa. Vijana wangu, mimi ni mtu wa dini na kuna mambo sitayaeleza kwa urefu. Nitasema tu kwamba mlinzi wa barazani, aliposikia mlio wa kwanza, alilala chini na kuelekeza bunduki barabarani.

"Komanda, banatushambulia?"

"Nyamaza!"

Munganga alinivuta pembeni, amefurahi. "Hewa imetangulia. Kwa vita, njo vile: kwanza kelele, kisha jeshi."

Lakini jeshi halikutoka. Nilimrudisha Komanda kwenye sahani ndogo, maji kidogo kidogo kutwa nzima, na matembezi ya jioni pamoja na yale ya asubuhi. Katika matembezi hayo alianza kunisimulia habari za mama yake, aliyekuwa akimkaripia kwa kula mbiombio. Aliposema hivyo sauti yake ilikuwa ya mtoto. Nikaona kwamba hata huyu alilishwa na mtu aliyempenda. Alhamisi ikapita, na jeshi bado.

Ijumaa niliamka, nikasali, nikaoga vizuri kuliko siku zote. Ikiwa ni kwenda msikitini, niende safi. Ikiwa ni kwenda kwingine, pia niende safi. Nilipika maharagi na lengalenga kama desturi, na niseme ukweli, pamoja na hofu yote hayakuzidi chumvi. Komanda alikwenda mtoni, akarudi, akala kimya, akatafuna kama mtu anayehesabu dhambi zake. Akainuka. Akatembea kuelekea choo, si kwa haraka. Akafunga mlango wa magunia.

Kambi yote ilijua. Vijana walisimama uani na bunduki zao, hakuna aliyecheka. Munganga alikaa juu ya gogo akishika hirizi. Mimi nikashika tasbihi. Kutoka msikitini nilisikia adhana ya sala ya Ijumaa, na sikuwa na ruhusa ya kwenda. Tulingoja. Kuku mmoja alipita, na mlinzi akamfukuza kwa mguu, taratibu, asilie.

Kisha kutoka ndani ya tranchée ikaja sauti ambayo si ya amri. Ilikuwa "aaah" moja ndefu, ya mtu aliyetua gunia baada ya mlima.

Hakuna aliyesogea. Tukasikia maji ya kopo. Gunia likafunguka, Komanda akasimama mlangoni, na uso wake ulikuwa uso mwingine. Nilikuwa sijajua kwamba ni kijana.

"Mupishi."

"Naam, Komanda."

"Batu ya dini yenu, bakitoka mule, banasemaka nini?"

"Tunamshukuru Mungu aliyetuondolea taabu akatuachia afya."

"Munasema vile siku mulikuwa mumefungwa tu?"

"Kila siku, Komanda. Kila tukitoka."

Alifikiri. "Kila siku," akarudia. "Basi sema."

Nikasema, pale uani, kwa sauti, mikono wazi. Na wale vijana wenye bunduki, na majani vichwani, na munganga wao, wote wakaitikia amina. Sijapata tena kusikia amina iliyotoka moyoni namna ile, hata siku ya Idi.

"Kwenda usali," akaniambia. "Lakini kesho asubuhi uko hapa na lengalenga."

Wajukuu wangu, dawa yote niliyotumia mmeisikia, na haihitaji komanda. Mnywe maji. Mtembee. Mtafune. Mle majani na maharagi yaliyoiva, msishibe mpaka pumzi ikose nafasi. Mkiitwa, mwende, na mkifika, mkae bila simu. Ila tumbo likiuma sana, au mkiona damu, au likifunga na kukataa kabisa, msimtafute mpishi; mwende kituo cha afya, maana siku hizi muganga hajakimbilia porini. Na mkitoka salama, mshukuru. Watu hushukuru wakipata gari na nyumba. Mimi nimewaona wanaume wenye bunduki wakishukuru kwa jambo hili dogo, nami sitalidharau tena.

Siku ile nilikimbia mpaka msikitini, nikakuta wanatoka. Shangazi Mwajuma alikuwa amesimama nje, ameshika kitambaa cheupe, kipya, kimekunjwa chini ya kwapa. Aliponiona akashika kifua.

"Imefunguka?"

"Imefunguka, shangazi."

Alikaa chini palepale, akalia, akacheka, akanipiga kofi begani. Niliuliza kitambaa ni cha nini. Alikisukuma zaidi chini ya kwapa, na sikuwa mjinga: sanda naijua.

Wiki ile alikitandika juu ya meza kubwa ya nyumba ya chakula. Kilikuwa kirefu kuliko meza, kikaning'inia mpaka chini upande mmoja, na madereva walikikanyaga kila mara. Waasi wakaondoka, serikali ikarudi, wateja wakawa wanamuuliza kwa nini hakikati.

"Ni urefu ya mutoto yangu," aliwajibu, akiwasogezea papai. "Sikate."